Namba ya Simu Kwanza: Kujenga Jina la Mwandishi Bila Kuanika Maisha Yako

Geuza kitabu cha maarifa ambacho mwandishi amejichapishia mwenyewe, kiwe cha Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi. Mara nyingi, kwenye jalada la nyuma chini ya picha yake, utakuta namba ya simu. Ndiyo hiyohiyo anayoongea nayo na mama yake, anayopokelea pesa na aliyoiandika kwenye fomu ya shule ya mtoto. Nakala 500 zikishatoka kwa mpiga chapa, hakuna wa kuzirudisha.

Ushauri mwingi wa kujitangaza kwa waandishi umeandikwa na watu ambao wasiwasi wao wa kwanza ni Google. Kwetu wasiwasi wa kwanza ni laini ya simu, maana huku laini ni jina, ni pochi na ni anwani kwa wakati mmoja. Anayeandika kuhusu ufugaji wa kuku, mirathi, kisukari au vikoba anaweza kabisa kupata wasomaji wengi bila kuonyesha uso wala kutaja mtaa anaokaa. Ila aanze na simu, na aanze kabla kitabu hakijatoka.

Fanya jaribio hili leo. Azima simu ya mtu, ingia kwenye huduma ya kutuma pesa, weka namba yako na kiasi kidogo, kisha simama pale inapokuuliza kama una uhakika. Jina lako linatokea kama lilivyosajiliwa. Kenya, kwa Safaricom, huduma hiyo inaitwa Hakikisha. Imewekwa kwa nia njema, ili pesa isiende kwa mtu asiyehusika, lakini matokeo yake ni kwamba yeyote mwenye namba yako ana jina lako pia. Anaghairi muamala, hajatumia hata senti. Halafu kuna Truecaller, programu ya kumtambua anayepiga simu, ambayo jina inaloonyesha huweza kutoka kwenye vitabu vya namba vya watu wengine: kama jirani amekuhifadhi kama "Mama Neema Kinyerezi", hilo ndilo linaloweza kumtokea msomaji. Unaweza kuomba namba yako iondolewe kupitia tovuti yao, na kama una akaunti ya Truecaller itabidi uifunge kwanza.

Kwa hiyo nunua laini ya pili. Isajili kwa jina lako halisi na kitambulisho chako, maana laini ya jina la shemeji inakuingiza kwenye matatizo ya kisheria, na siku mkikosana yeye ndiye mwenye laini. Usifungue huduma ya pesa kwenye laini hiyo. Kama wakala ameifungua bila kukuuliza, nenda duka la kampuni ukaombe ifungwe, kisha rudia lile jaribio mpaka jina lisitokee. Weka WhatsApp Business kwenye laini hii na WhatsApp ya kawaida kwenye laini ya nyumbani. Zote mbili hukaa kwenye simu moja bila kugombana. Washa uthibitisho wa hatua mbili wenye namba ya siri ya tarakimu 6, kwa sababu laini inayojulikana na watu wengi ndiyo inayoviziwa na matapeli. Na ukifungua Facebook, Instagram au TikTok ya mwandishi, kataa kila inapoomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu. Ukikubali mara moja tu, wiki ijayo akaunti yako inapendekezwa kwa shangazi, bosi na fundi wako wa gari.

Laini ya pili nayo isichapwe kwenye kitabu. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kuuzwa upya, na msomaji atakayekiokota kitabu chako kwenye duka la mitumba miaka minane baadaye atampigia mtu asiyejua lolote kuhusu kuku. Kitabuni weka anwani ya tovuti yako na msimbo wa QR unaokwenda kwenye tovuti hiyohiyo. Angalia hapa: msimbo wa QR unaofungua mazungumzo ya WhatsApp mara nyingi umebeba namba yako ndani ya kiungo, kinachoanza na wa.me kisha namba nzima. Wengi hudhani ule mchoro wa vidoti umeficha kitu.

Makundi ya WhatsApp ndiyo shimo la pili. Kwenye kundi la kawaida kila mwanachama anaiona namba yako na za wenzake wote. Ukiwaweka wasomaji 200 humo umeanika watu 200, na ndani ya siku tatu mmoja wao ameshaanza kuwatumia wengine matangazo ya mikopo. Orodha ya matangazo (broadcast) nayo ina mipaka yake: inapokea watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Tumia chaneli. WhatsApp ilizifungua kwa nchi nyingi Septemba 2023, na kwenye chaneli wafuasi hawaioni namba ya msimamizi wala za wafuasi wenzao. Telegram ina chaneli zinazofanana na hizo, ila ingia kwanza kwenye mipangilio ya faragha uchague kwamba namba yako isionekane na mtu yeyote.

Pesa inapopita, jina linapita nalo

Mwandishi anaweza kuficha kila kitu mtandaoni kisha akaandika "tuma elfu kumi na tano kwenye namba hii". Hapo mnunuzi anapata ujumbe wa uthibitisho wenye jina lako, tena ujumbe ambao ataupiga picha na kuuweka kwenye kundi ili kuthibitisha kwamba amelipa.

Dawa yake ni lipa namba kwa Tanzania, au till kwa Kenya, yenye jina la biashara. Fungua kwanza jina la biashara: Tanzania ni BRELA, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, Kenya ni Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia eCitizen. Chagua jina linalosikika kama la mchapishaji, lisilobeba jina lako la ukoo. Unapoomba lipa namba utatakiwa kitambulisho, na mara nyingi namba ya mlipakodi na leseni. Mkabidhi wakala jina la biashara likiwa limeandikwa kwenye karatasi, ukimtajia kwa mdomo ataandika lako. Halafu, kabla ya kuitangaza namba hiyo popote, jilipe shilingi 1,000 kutoka simu ya mtu mwingine na usome ujumbe wote uliomfikia mlipaji. Ukikuta jina lako humo, rudi wakarekebishe. Kazi hii ni ya dakika tano, na wengi huiruka.

Tuelewane kuhusu kinga hii. Jina la biashara linakuficha kwa wanunuzi. Halikufichi kwa serikali, wala kwa mtu aliyeamua kwenda kulipia upekuzi wa daftari la usajili, maana humo mmiliki ameandikwa. TRA au KRA wanakujua, benki inakujua. Ukiwa unakwepa hao, mada yako ni nyingine.

Usafirishaji una tundu lake. Kifurushi cha basi huandikwa kwa kalamu nene: jina la mtumaji, namba ya mtumaji. Andika jina la biashara na laini ya pili. Bodaboda au gari la kuitwa kwa programu lisije kuchukua mzigo mlangoni kwako, kwa sababu baadhi ya programu hizo humwonyesha mpokeaji ramani yenye kituo mzigo ulipoanzia. Peleka vitabu kwenye duka la vifaa vya ofisi au duka la vitabu, mlipe mwenye duka kitu kidogo kwa kila nakala, na wasomaji wanaouliza "nije nichukue nyumbani?" wapelekwe huko. Ni gharama, lakini ukilinganisha na kuhama nyumba ni nafuu.

Kwa nini nikuamini?

Hapa ndipo mwandishi wa maarifa anapoachana na mwandishi wa riwaya. Hadithi inaweza kuandikwa na mtu yeyote, jina lolote. Kitabu kinachomwambia mtu ampe kuku dawa hii au agawe shamba la marehemu hivi, msomaji ana haki ya kuuliza wewe ni nani. Wengi wanaopenda faragha hujikuta wamenasa kati ya mawili: ama wanasema kila kitu, ama hawasemi lolote na wanaonekana matapeli.

Tazama wasifu huu, ambao haukutaja jina:

"Mwandishi ni mke na mama wa watoto wawili, mwalimu wa biolojia katika sekondari ya kata wilayani Misungwi, anayefuga kuku 300 nyumbani kwake karibu na stendi."

Mtu yeyote wa Misungwi ameshamjua. Na bado mfugaji hajapata sababu ya kumwamini. Sasa huu:

"Mwandishi amefuga kuku wa nyama Kanda ya Ziwa tangu 2011, vifaranga 300 kwa kila bachi. Ana shahada ya biolojia. Takwimu za chakula, uzito na vifo zilizomo kitabuni zimetoka kwenye daftari la banda la bachi 22, zikiwemo 3 zilizokwisha kwa hasara."

Huu wa pili umesema machache zaidi kuhusu mtu na mengi zaidi kuhusu kazi. Kanuni ya mahali ni kupanda ngazi kadhaa: ukikaa kata, taja kanda, ukikaa mji mdogo, taja mkoa. Kanuni ya ajira ni kutaja aina ya kazi na miaka, bila kutaja mwajiri. Watoto, ndoa, dini na kabila havihitajiki kabisa kwenye kitabu cha kuku. Kumbuka pia kwamba haba na haba hujaza kibaba: leo umetaja mvua iliyonyesha kwenu asubuhi, kesho mgao wa umeme wa mtaa wenu, keshokutwa mahafali ya darasa la saba. Hakuna hata moja lililokufichua, lakini mtu mwenye subira anaziunganisha. Habari yoyote inayoonyesha mahali ulipo itoe baada ya wiki mbili, ukiwa umeshaondoka.

Nyenzo yenye nguvu kuliko zote, na inayotumika kidogo mno, ni dibaji. Tafuta mtu anayejulikana katika fani hiyo, daktari wa mifugo, wakili, mhadhiri, ambaye yeye anakufahamu kwa jina halisi. Mwombe aandike kurasa mbili akieleza kwamba amesoma mswada, amehakiki vipimo, na anamfahamu mwandishi. Aliye hadharani anamdhamini aliye faraghani. Mpe mswada miezi mitatu kabla, pamoja na orodha ya sehemu unazotaka azikague kwa makini: dozi, vifungu vya sheria, hesabu. Dibaji ya kusifu tu haina kazi.

Kuhusu jina lenyewe, usikimbilie kubuni. Watu wengi huku tuna majina matatu na tunajulikana kwa mawili. Jina lako la pili pamoja na la babu, ambayo kazini hakuna anayeyatumia, yanaweza kutosha, na hujasema uongo. Ukibuni, litafute kwanza Google na Facebook likiwa ndani ya alama za kunukuu, usije ukabeba jina la daktari halisi wa Arusha. Usitumie lakabu ya shuleni, maana darasa zima linaijua. Na usijipe "Dkt." wala "Wakili" usiyoisomea, hapo umetoka kwenye faragha umeingia kwenye ulaghai, na baadhi ya fani zina sheria zinazokataza.

Jina la kalamu halikunyimi hakimiliki. Mkataba wa kimataifa wa Berne, ibara ya 15(3), unasema kwamba kwa kazi isiyo na jina au yenye jina la kubuni, mchapishaji ambaye jina lake limechapwa kitabuni huchukuliwa kuwa mwakilishi wa mwandishi na anaweza kuzitetea haki zake, mpaka mwandishi mwenyewe atakapojitaja. Kinachobadilika ni muda. Kwa kawaida kinga hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake, na huo ndio muda wa Tanzania na Kenya pia. Kwa jina la kubuni lisilojulikana ni la nani, ibara ya 7(3) inahesabu miaka 50 tangu kazi ilipotolewa hadharani. Kijana wa miaka 30 anayetarajia wajukuu wafaidi mauzo aitazame tofauti hiyo. Tunza rasimu zenye tarehe, na mwambie angalau mtu mmoja wa familia jina unaloandikia. Ukifa na siri yako, mrabaha unabaki kwa mchapishaji ukingoja mtu asiyejulikana.

Kama una mchapishaji, saini mkataba kwa jina halisi, lakini ongeza kifungu kinachosema jina hilo, picha na mawasiliano havitatolewa kwa vyombo vya habari, wauzaji wala kwenye matangazo bila idhini yako ya maandishi. Bila kifungu hicho, kijana wa masoko atakutaja kwenye tangazo la uzinduzi kwa furaha tupu. Soma na mkataba wako wa ajira. Baadhi ya waajiri hutaka kibali kwa maandishi yanayohusu kazi yao.

Ukijichapishia mwenyewe, utaomba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Namba za Tanzania huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912, za Kenya 978-9966 miongoni mwa nyingine. Kwenye nafasi ya mchapishaji andika jina la biashara, na mawasiliano yawe ya biashara, kwa kuwa orodha ya kimataifa ya wachapishaji wenye ISBN inaweza kupekuliwa na mtu yeyote mtandaoni.

Anwani na barua

Kwenye anwani tuna bahati ambayo Mmarekani hana: huku sanduku la posta ni jambo la kawaida na hakuna anayeshangaa. Kodi la kwako. Wengi hutumia sanduku la ofisi, shule au parokia, wakisahau kwamba katika mji mdogo S.L.P. hiyo ni sawa na kutaja mwajiri. Na zile huduma zinazogeuza namba ya simu kuwa anwani ya posta, kama MPost ya Kenya, ni nzuri kwa mengine yote isipokuwa hili.

Utalihitaji sanduku hilo mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu ya barua pepe. Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 inataka kila barua pepe ya kibiashara ibebe anwani halisi ya posta ya mtumaji. Huduma nyingi za kutuma barua kwa wasomaji ni za Kimarekani, kwa hiyo zinakudai anwani hata kama uko Tabora. Mtu anajaza fomu haraka haraka, anaandika mtaa na namba ya nyumba, na tangu siku hiyo kila barua inawapelekea wasomaji wote njia ya mlangoni kwake, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Huduma hizo kwa kawaida hukubali sanduku la posta badala ya mtaa. Substack, mojawapo ya huduma hizo, huweka anwani yake yenyewe.

Je, Mswahili anasoma barua pepe? Wengi hawasomi, tuseme ukweli. Chaneli ya WhatsApp itakuletea watu mara kumi zaidi. Lakini orodha ya wafuasi wa chaneli huwezi kuihamisha. Ikifungwa, umeanza upya. Na wanaonunua nakala 50 kwa mpigo, yaani mashirika, vyuo, maktaba na wahariri, hao wako kwenye barua pepe. Kwa hiyo chaneli iwe baraza, orodha ya barua pepe iwe ghala. Barua moja kila wiki mbili, maneno 600 hadi 800, inatosha. Kila barua itatue tatizo moja: kwa nini vifaranga wanalundikana pembeni usiku wa tatu, au ni karatasi zipi za kubeba unapokwenda kufungua mirathi. Andika nne za akiba kabla hujatuma ya kwanza, maana wiki ya tano ndiyo wengi hukwama. Anza miezi sita kabla ya kitabu.

Usitumie anwani ya bure ya Gmail kutuma barua hizo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti: mtumaji lazima athibitishe kwamba barua imetoka kweli kwenye jina la tovuti lililoandikwa, kwa rekodi inayoitwa SPF au DKIM, na anayetuma barua karibu 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anahitaji zote mbili, rekodi ya tatu iitwayo DMARC, na kitufe cha kujitoa kwa bofyo moja. Huduma ya barua ikituma kwa niaba ya anwani inayoishia na gmail.com, uthibitisho huo haulingani, na barua inaangukia kwenye taka. Nunua jina la tovuti la .com, ambalo kwa kawaida ni dola 10 hadi 15 kwa mwaka, na uunde anwani ya barua juu yake. Kabla ya kulipa muulize muuzaji nini kitaonekana kwenye daftari la wazi la wamiliki wa majina ya tovuti, lililozoeleka kwa jina la WHOIS. Tangu Mei 2018 wauzaji wengi wa .com huficha taarifa za mmiliki bila malipo, lakini si wote. Kwa majina ya .tz na .ke usikisie, tafuta kwanza jina la tovuti nyingine iliyouzwa na muuzaji huyohuyo uone imeonyesha nini.

Kama tovuti hiyo itabeba habari na matukio na uko Tanzania, soma kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA katika toleo la sasa. Zilianza 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja, na nani anahitaji leseni ni moja ya mambo yaliyoguswa.

Sasa wewe mpenda faragha umeshika faragha ya wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inawataka wakusanyaji wa taarifa wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria ya 2019. Huko, mwenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida haingii kwenye usajili wa lazima, lakini ridhaa ya msomaji kabla ya kumtumia matangazo bado inahitajika. Jina la kwanza na barua pepe vinatosha. Lile daftari la mahudhurio la siku ya uzinduzi, lenye majina na namba za watu 80 likiwa wazi mezani, ndilo uvujaji mkubwa kuliko wote na hakuna anayeliona. Weka kikaratasi kimoja kwa kila mtu na boksi la kukitumbukiza.

Faili zinazosema

Fungua sura ya bure unayowatumia wasomaji, ile ya PDF. Kwenye Adobe Reader bonyeza Ctrl na D. Kuna mstari wa mwandishi, na mara nyingi umejazwa jina ambalo kompyuta ilisajiliwa nalo: lako halisi, au la ofisi iliyokununulia kompyuta. Hivyo ndivyo jina la kalamu la miaka miwili huisha kwa sekunde moja.

Kwenye Word, kabla ya kutengeneza PDF, ingia File, kisha Info, chagua Check for Issues kisha Inspect Document, na uondoe sifa za faili na taarifa binafsi. Kwenye LibreOffice ni File, kisha Properties. Ondoa alama kwenye kutumia taarifa za mtumiaji na ubonyeze kitufe cha kufuta sifa. Maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa yana majina pia, usimtumie mhakiki faili lenye hayo. Hati ya Google ukiigawa kwa kiungo inaweza kuonyesha jina la mmiliki wa akaunti, kwa hiyo mambo ya uandishi yawe na akaunti yake.

Picha za simu huhifadhi mahali zilipopigwa kama GPS ya kamera imewashwa. WhatsApp huondoa taarifa hiyo ukituma kama picha, lakini ukituma kama dokumenti ili ubora usishuke, inakwenda nayo. Izime kwenye mipangilio ya kamera. Hakikisha pia picha za banda hazionyeshi mnara, kibao cha duka au namba ya gari nyuma. Kama utatumia picha yoyote ya uso wako, isiwe ile iliyoko kwenye LinkedIn, kwa kuwa kuitafuta kwa Google Lens ni kazi ya mtoto.

Badala ya uso, weka mchoro, au mikono ikifanya kazi unayoiandikia. Usitengeneze uso bandia kwa akili mnemba. Siku ukigundulika, msomaji atauliza na takwimu nazo zimetoka wapi. Wahariri wanapoomba picha, wapelekee jalada lenye ubora wa kuchapwa, upana wa pikseli 2,000 au zaidi, pamoja na ule mchoro, vyote vikiwa tayari. Anayepewa kitu kizuri haraka huwa hasumbui kuomba kingine.

Redio ndiyo rafiki mkubwa wa mwandishi wa namna hii: sauti inafika mpaka vijijini na uso unabaki nyumbani. Lakini siku hizi studio nyingi zina kamera na kipindi kinarushwa moja kwa moja Facebook au YouTube. Uliza kabla hujaenda: kuna kamera? Kama ipo, omba kuhojiwa kwa simu, kwa laini ya pili. Mpe mtangazaji maswali kumi yaliyoandikwa na jinsi ya kukutambulisha, neno kwa neno. Atakuuliza tu "kwani nyumbani ni wapi?", ni adabu yetu, hana ubaya. Jizoeze jibu moja fupi lenye ucheshi: "Mimi wa Kanda ya Ziwa, sato wananijua." Halafu rudi kwenye kuku.

Kila baada ya miezi mitatu, fungua dirisha la siri la kivinjari na ujitafute. Tafuta jina halisi na la kalamu kwa pamoja ndani ya alama za kunukuu, kisha namba zote mbili kwa mitindo mitatu: ikianza na sifuri, na 255 au 254, na yenye alama ya kujumlisha. Rudia lile jaribio la kutuma pesa. Jilipe tena kwenye lipa namba usome ujumbe, kwa sababu mifumo hubadilishwa bila taarifa. Ukikuta namba ya nyumbani imewekwa na mtu mahali, mwandikie kwa upole aiondoe, usibishane naye hadharani, maana mabishano yako ndiyo yatakayopandisha ukurasa huo juu. Na kabla ya toleo la pili kwenda kwa mpiga chapa, chukua kalamu nyekundu upitie jalada la nyuma na ukurasa wa hakimiliki, mstari kwa mstari.